Enoka Magesa, Aliyeosha Utumbo Kabla Haujasomwa

Mchungaji wetu, wazee wa mila mliokaa upande ule wa zizi, shemeji yangu Wankyo mjane wa marehemu, watoto, wajukuu, majirani wa kijiji hiki na ninyi mliotoka Musoma, Bunda na Mugango kwa mguu na kwa baiskeli, mimi Silasi Magesa, mdogo wake marehemu, karani wa kupima pamba hapo Bunda, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu. Kwa kuwa yeye hakupenda mtu anayeruka hatua, nitaanza mwanzo na kufuata mstari, ingawa najua wengi wenu mnasubiri nifike kwenye ule mwaka wa kuhama, nao nitaufikia kwa zamu yake.

Marehemu Enoka Magesa alizaliwa katika boma la baba yetu, kule kilimani tulikokaa zamani, nusu siku ya mguu kutoka Butiama, akiwa mtoto wa pili wa mzee Magesa na mama yetu Nyabise, ambao wote wametangulia. Tarehe haikuandikwa popote, ila mama alisema alimzaa wakati nzige wametua juu ya mtama mpaka mabua yakainama, na kanisa lilipombatiza lilichukua mwaka ule wa nzige, yaani 1931, likaupa tarehe 3 Mei, ambayo marehemu aliipokea kwa heshima bila kuiamini.

Mwaka 1942 alipelekwa kwa wajomba zetu Mugango, akasoma shule ya misheni darasa la kwanza hadi la nne, akamaliza mwaka 1945. Kusoma alijua, kuandika alijua, hesabu ilimpiga chenga, na wajomba walimkumbuka zaidi kwa namna alivyokuwa akikaa ufukweni na akina mama kutumbua samaki, ngege na kamongo, akitoa matumbo yote kwa mkupuo mmoja bila kupasua nyongo, jambo lililowafurahisha akina mama na kuwakera wajomba, maana kwetu kazi ya mwanaume ni kuchinja, na kinachotoka tumboni ni cha wanawake kuosha.

Baada ya miaka ya kuchunga ng'ombe wa baba, mwezi Februari 1951 alikwenda Musoma kutafuta kazi, akapanga chumba Mwisenge, na akaajiriwa na Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Anton, ambaye hakuwa Mwingereza, wala nchi yake sikuwahi kuielewa vizuri. Mzungu huyo alikuwa na bucha karibu na ziwa, na nyuma ya bucha chumba cha kutengeneza soseji za watu wa boma la serikali, wa migodini na wa meli. Marehemu aliingia kama mbeba nyama, lakini siku Bwana Anton alipoona vidole vyake vinavyopita kwenye utumbo wa mbuzi bila kuutoboa, alimwondoa kwenye kubeba akampa beseni, pipa na kisu butu cha mti, na hiyo ndiyo ikawa kazi ya maisha yake.

Nitaieleza kazi hiyo kidogo, kwa sababu wengi mliikejeli bila kuijua, na mimi nilikuwa wa kwanza kuikejeli. Soseji ni nyama iliyosagwa ikaungwa, lakini inavaa nguo, na nguo yake ni utumbo, na utumbo si kila utumbo. Wa kondoo na mbuzi ni mwembamba, unafaa soseji ndogo za kukaanga, wa ng'ombe ni mpana, unafaa zile nene za kukaushwa kwa moshi, na marehemu aliuchagua kuanzia mnyama akiwa hai, akimkataa mbuzi aliyelishwa majani ya bondeni wakati wa mvua, kwa kuwa utumbo wake huwa na vinundu vya minyoo vinavyopasuka mara nyama inaposukumwa ndani. Akishachinjwa, utumbo hutolewa ungali na joto, huvutwa taratibu kutoka kwenye mafuta yake, maana ukipoa mafuta hushika na ukivuta unachanika, kisha hukamuliwa, huoshwa, hupinduliwa nje ndani kwa msaada wa maji, huloweshwa, halafu hukwanguliwa ute mpaka libaki tabaka moja jembamba linalopitisha mwanga na ambalo ukilivuta linakuvuta. Hapo ndipo aliposema maneno yake ambayo watoto wake wanayajua kama sala, kwamba usiuamini kwa macho, uulize kwa maji, akimimina maji ndani na kuunyanyua, na palipovuja hata tone alikata bila huruma. Uliobaki aliupanga kwa upana, akausugua chumvi, akauacha uchuje, akaulaza kwenye pipa kwa chumvi nyingine kavu, na ungeweza kukaa humo miezi mingi, mpaka siku ya kazi utakapotolewa chumvi na kuloweshwa kwenye maji ya vuguvugu ulainike.

Tarehe 8 Oktoba 1955, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Wankyo, binti wa wafugaji wa upande wa Bunda. Wakwe walipouliza kazi ya kijana walijibiwa kwamba yuko bucha, jibu ambalo halikuwa uongo, na walipokuja kugundua yuko sehemu gani ya bucha ng'ombe wa mahari walikuwa wameshazaa. Shemeji Wankyo, naomba unisamehe nikikumbusha kwamba mwezi wa kwanza ulimwambia, "Enoka, mikono hiyo haitagusa ugali wangu mpaka niinuse," na kila jioni alikunyooshea mikono ukainusa, na desturi hiyo mliendelea nayo hata mlipokuwa na wajukuu, wakati haikuwa tena ukaguzi.

Mungu aliwajalia watoto sita, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, na waliobaki ni Robi, binti ambaye ndiye aliyeshika kazi ya baba yake, Boniphace aliye jeshini, Dafroza aliyeolewa Buhare, na Mihayo anayelima pamba hapa kijijini, pamoja na wajukuu tisa.

Uhuru ulipokuja, tarehe 9 Desemba 1961, marehemu alikuwa Musoma na alitengeneza soseji zilizoliwa kwenye sherehe pale mjini, na alikuwa akisimulia kwa furaha kwamba wengi waliokula siku ile hawakujua wanakula nyama ya mbuzi ndani ya utumbo wa mbuzi, na walipoambiwa walikuwa wameshaomba nyongeza. Mwaka 1965 Bwana Anton alifunga bucha akarudi kwao, akamwachia mapipa mawili na visu vyake, na mwezi Machi 1966 marehemu alirudi nyumbani kilimani na mapipa yake juu ya mkokoteni wa ng'ombe, akaendelea na kazi akiuza utumbo uliotiwa chumvi kwa hoteli moja ya mjini Musoma.

Nyumbani hakupokewa kama alivyotarajia. Wazee hawakumchukia, walimtania tu, wakamwita mke mwenza wa Wankyo, na kila lilipochinjwa dume la mila kisu alipewa mtu mwingine, kwa kuwa waliona hakifai mkono uliozoea beseni. Marehemu alicheka nao, lakini mimi niliyelala naye ngozi moja utotoni nilijua kwamba kitu kimoja tu alikitamani hapa duniani kuliko shamba wala ng'ombe, nacho ni kuhesabiwa na wazee wa kwao kuwa mwanaume mwenzao, aitwe, apewe kisu, akae kwenye nyama yao.

Aliitwa mwaka 1974. Ilikuwa imeamriwa kwamba sisi wa kilimani tuhamie huku barabarani kwenye kijiji cha ujamaa, malori yangefika Jumanne tarehe 3 Septemba, na wazee waliona hawawezi kuondoka penye makaburi ya baba zao bila kuuliza njia. Mzee Wegesa, ambaye ndiye msomaji wetu, alitoa dume lake mwenyewe, na Jumamosi tarehe 31 Agosti, mbele ya watu wote, akamkabidhi Enoka kisu. Mchungaji anajua tunachozungumza na anajua kanisa linavyokiona, nami sisimami hapa kukitetea, nasimulia tu. Kwetu dume la kuuliza likipasuliwa, utumbo humwagwa juu ya majani na hauguswi na mtu, mpaka msomaji atazame mishipa yake, madoa yake na namna ulivyojikunja, ndipo aseme kama safari ni njema na nyumba zielekee wapi.

Dume lilipokwisha pasuliwa, Land Rover ya afisa ikaingia, na wazee wakaitwa langoni kupangiwa zamu za malori. Walichelewa huko. Jua lilikuwa kali, utumbo uko juu ya majani, unaanza kupoa, na kaka yangu amechuchumaa mbele yake peke yake, na kichwa chake kilijua mila kama tunavyoijua sote, lakini mikono yake ilijua kitu kingine, ilijua kwamba utumbo haungojwi upoe, na hakuna aliyekuwepo wa kuikamata. Wazee waliporudi walikuta majani matupu, na pembeni beseni la maji, na ndani ya beseni utumbo wa dume la kuuliza umekwisha kamuliwa, umepinduliwa nje ndani, umekwanguliwa, mweupe, umejaa maji hauvuji hata tone. Enoka mwenyewe alishtuka alipoona miguu yao mbele yake, akatazama alichokishika, na Mihayo mwanawe anakumbuka kwamba baba yake alijaribu kuupindua tena.

Mzee Wegesa alitazama ndani ya beseni, akasema, "Sasa tutahama kama vipofu," akachukua fimbo yake akaondoka. Mwaka ule wa ukame hakukuwa na mtu wa kutoa dume la pili, na kwa mila yetu swali likishaulizwa halirudiwi, basi Jumanne tukapanda malori bila jibu.

Yaliyofuata mnayajua. Mvua ilikataa, mahindi ya mwaka wa kwanza yalikauka yakiwa kimo cha goti, ng'ombe walikufa, na surua ikachukua watoto, akiwemo mjukuu wa mzee Wegesa, mtoto aliyebeba jina la babu yake. Najua, na aliyesoma anajua, kwamba mvua ilikataa nchi nzima na surua haisomi utumbo wa mtu, lakini anayezika mjukuu hutafuta mahali pa kuliweka jiwe la uchungu wake, na wazee waliliweka mlangoni kwa Enoka. Hawakumpiga, hawakumfukuza, walinyamaza tu. Hakuitwa kwenye baraza, hakupelekewa sehemu yake ya nyama, akiwasalimia walijibu salamu wakageuza mazungumzo, na misibani alikaa nyuma na wageni. Mwaka 1976 alichukua mbuzi mweupe akampelekea mzee Wegesa kuomba radhi, na mbuzi akarudishwa siku hiyo hiyo na maneno kwamba, "Kitu ulichokwisha kukiosha, huwezi kukirudishia uchafu wake."

Mimi nilikasirika kwa niaba yake, kwa kuwa nimezaliwa na hasira ya kutosha watu wawili, nikamwambia aje akae kwangu Bunda, au arudi Musoma ambako mjini hakuna anayeuliza dume njia ya kupita. Alinijibu, "Silasi, utumbo ukitoboka huwa naukata pale naanza kipande kingine, sasa hawa ni watu, nitakata wapi?" Akabaki, na misiba yote ya kijiji hiki kwa miaka ile alihudhuria, akachimba kaburi na vijana, akakaa nyuma, akarudi nyumbani. Alichokiogopa alikisema mara moja tu kwa mkewe, kwamba mtu mwenye wajukuu kwetu huzikwa na wazee wakija na dume lao, na asiyejiwa huzikwa kama mtoto, kwa udongo na nyimbo peke yake, na yeye aliona ndivyo atakavyozikwa.

Kijiji kilipoanzisha mradi wa bucha mwaka 1977, uongozi ulimpa marehemu kazi ya utumbo, na ndipo Robi alipojifunza kwake, na utumbo wa kijiji hiki ukaenda Musoma kwa mapipa. Kisha vikaja vita, na baada ya vita ikaja shida ya vitu ambayo sina haja ya kuwakumbusha. Mwaka 1981 chumvi ilitoweka madukani kabisa, watu wakaunga mboga kwa magadi na kwa maji ya majivu, na watoto wakakataa kula. Chumba cha kazi cha marehemu kilikuwa na magunia ya chumvi yaliyonunuliwa kabla ya shida, yakiwa yamekaa na mapipa ya utumbo mpaka chumvi yenyewe ikashika harufu. Marehemu aliwaomba ruhusa viongozi wa mradi, wakampa, akaanza kuipima kwa kibaba, na Wankyo na Robi wakaipeleka nyumba hadi nyumba, na kwa mzee Wegesa waliipeleka mlango wa jikoni, kwa wakamwana, bila kutaja jina. Iliendelea hivyo mpaka magunia yakaisha, na ilipoisha kazi ikaisha nayo, maana utumbo bila chumvi kesho yake ni mzoga. Kaka yangu aliyaosha mapipa ya Bwana Anton akayapindua juani, na kwa mtu aliyemjua, kumwona amekaa karibu na mapipa yale yaliyopinduliwa ilikuwa huzuni, na nilimwambia amewatupia chumvi yake watu wasiomjali, naye akaniambia nile chakula changu.

Tarehe 21 Novemba 1982 marehemu alipatwa na kiharusi akiwa shambani, akapelekwa hospitali Musoma, akalazwa wiki tatu, akaruhusiwa kurudi nyumbani mkono wa kulia ukiwa umekufa. Alifanyiwa mazoezi, alipewa dawa za shinikizo la damu zilipopatikana, na Robi alimletea vipande vya utumbo wa mbuzi, akawa anavijaza maji kwa mkono wa kushoto na kuvinyanyua dirishani kwenye mwanga. Maneno yalikuwa yamempungua, lakini swali moja lilibaki, na kila siku jua likipanda alimwuliza Wankyo, "Wamekuja?" Shemeji alijua anauliza nani, sote tulijua, na kila siku alimjibu kwamba bado, akashika mkono wake ulio hai akaunusa kama zamani, ili apate sababu ya kuinamisha uso.

Hali ilibadilika Ijumaa tarehe 13 Mei mwaka huu, akarudishwa hospitali, na Jumanne tarehe 17 Mei 1983, saa nne asubuhi, kaka yetu Enoka Magesa alifariki dunia, akiwa amemwuliza mkewe lile swali na kupewa lile jibu.

Sasa nafika leo. Asubuhi hii, wakati vijana wanamalizia kaburi, mliona wenyewe wazee wakiingia kwa njia ya mto, mzee Wegesa mbele na fimbo yake, na nyuma yao dume jeusi. Mimi, kwa ile hasira yangu, nilisimama langoni, nikamwuliza mzee amekuja kufanya nini leo, wakati aliyekuwa akimngoja hawezi tena kumwona. Hakunikaripia. Alisema mbele ya wote, "Ile chumvi nilikuwaga naila. Ilikuwaga inanuka utumbo, wakamwana walidhani sijui, nikajua ni ya Enoka, nikanyamaza nikala. Nilimwekea kifo cha mjukuu wangu juu ya mgongo wake miaka yote hii na yeye ananiungia mboga. Nilichelewa, Silasi. Nipishe nimzike ndugu yangu." Nikampisha.

Dume lilichinjwa, utumbo ukamwagwa juu ya majani, na safari hii hakuna gari lililoingia. Mchungaji alikuwa na shughuli upande wa pili wa nyumba, nasi tunamshukuru kwa shughuli hiyo. Mzee Wegesa alipiga goti akatazama kwa muda mrefu, na alipomaliza hakutuambia sana, alisema njia ya Enoka iko wazi, kisha akasogea pembeni, akamwita Robi, akatoa kwenye koti lake kifurushi cha chumvi akakiweka mkononi mwake, akamwambia, "Sasa osha, mama." Na Robi aliosha, mbele ya wazee wote waliosimama wakamngoja mpaka akamaliza, akajaza maji akaunyanyua juani, nao haukuvuja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali waliomhudumia marehemu mara zote mbili, na yule muuguzi wa zamu ambaye jina hatukulipata, aliyemgeuza kitandani kwa upole kama mtu wa nyumbani. Tunawashukuru viongozi wa kijiji na wenzake wa mradi wa bucha, kanisa na kwaya, wajomba wa Mugango walioleta samaki, wakwe wa Bunda waliokwisha samehe siku nyingi, majirani mliochota maji na kuchanja kuni tangu Jumanne, na wafanyakazi wenzangu wa pamba walionipa lifti. Wazee wetu, ninyi tunawashukuru kwa kuja, na kuchelewa kwenu tutakuzika pamoja naye.

Kaka Enoka, uliuliza kila siku, na jibu halikukuwahi ukiwa hai, basi nakupa mimi. Wamekuja. Pumzika sasa kwa amani.